Padri Niliyemwona Scarborough

Chapel Hill 11,
Aldersyke, Yorkshire.
Machi 14, 1996.

Dada yangu mpendwa Avis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Susan na mumewe na wajukuu wote, na kwamba nyonga yako imeanza kukutii tangu daktari alipokubadilishia dawa. Uliandika kwamba siku hizi unakwenda dukani na kurudi bila kupumzika njiani. Nilipousoma mstari huo nilimshukuru Mungu hapo hapo mezani, chai ikiwa bado mkononi.

Mimi sijambo, isipokuwa goti lile la kushoto, ambalo linajua mvua kabla ya redio. Baridi ya mwaka huu imekataa kuaga. Jumapili iliyopita theluji ilianguka tena, na Mchungaji Barraclough aliwahubiria watu kumi na mmoja na jiko la mkaa. Shuleni bado napakua chakula. Watoto ni wale wale, majina tu ndiyo mapya. Bi Sugden anakusalimu. Bwana Ogden naye anakusalimu, anasema tangu uondoke hakuna mtu kwaya nzima anayejua kuimba sauti ya pili bila kuifukuza ya kwanza.

Sasa nije kwenye barua yako. Imekaa nyuma ya saa ya baba kwa wiki tatu, na kila nikitazama saa naiona ncha yake. Ulieleza kwamba ulikuwa umekaa na Susan mkitazama kichekesho kutoka huku kwetu, akatokea askari wa barabarani anayeliandikia gari la maiti faini huku jeneza likiwa ndani na wafiwa wamesimama. Na kabla hajaandika, askari huyo aligusa fundo la tai yake, akasema samahani sana, kwa sauti ile ya huzuni. Ukasema mkono wako ulisimama na sindano ya kufumia, kwa sababu sauti ile ulikuwa ukiisikia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa. Kisha ukaniuliza, kwa upole wako, kama watu wawili wanaweza kufanana hivyo, na kama inawezekana macho yangu yalikosea.

Dada, nataka kukujibu sawasawa, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka majira ya kuchipua ya mwaka tisini na moja, Bwana Lionel Tranter alipohamia ile nyumba ya juu ya duka la sufu na kuanza kuja kanisani. Alikuwa anakaa benchi la tatu kutoka nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Na hakuna aliyempita bila kumwambia kwamba anamjua. Bwana Ogden alimshika bega akamwambia, "Mzee, wewe si ulikuwa nasi jeshini Ujerumani, kwenye stoo ya mablanketi?" Naye akajibu, "Huenda. Mablanketi yalikuwa mengi." Bi Sugden alishikilia kwamba ndiye aliyemuuzia viatu vya harusi kule Leeds, vikambana hadi akalia madhabahuni, Bwana Tranter akamwomba radhi kwa viatu vile kana kwamba alivishona mwenyewe. Hata Mchungaji alidhani walisoma pamoja chuo cha wahubiri. Kila mtu alimpa maisha, naye akayapokea yote kwa adabu.

Mimi peke yangu sikumwambia kitu. Nilikuwa natafuta. Unajua nilivyokuwa najisifu kwa sura za watu. Mtoto niliyempakulia viazi miaka ishirini iliyopita nitamtambua akija na ndevu. Kwa hiyo sura ya Bwana Tranter ilinikera kama uzi kwenye jino, na kadiri ulivyokuwa ukitembea naye jioni kando ya mfereji, ndivyo ilivyozidi kunikera.

Ukanisimulia kwamba umemuuliza alifanya kazi gani London, naye akakujibu kwamba amekuwa padri mara saba, hakimu mara tatu, na huko Wales aliwahi kuzikwa akiwa hai. Wewe ulicheka. Ulipombana akwambie kweli, alisema atakwambia siku moja, ila kwanza aonje kutazamwa na mtu ambaye hajaribu kukumbuka kitu. Wewe uliona ni maneno matamu. Mimi niliona ni mtu anayeficha.

Ndipo siku moja ya Septemba, juma lile lile alilokuposa, nikakumbuka. Ulikuwa umekaa jikoni unamenya matufaha ya pai, pete yake ikiwa kwenye kisahani ili isiingie maji. Nikakwambia nimemwona Scarborough mwaka wa sabini na moja, amevaa kanzu ya padri, polisi wamemshika, na vikombe vya fedha vya kanisa vinamdondoka chini ya kanzu, kimoja baada ya kingine, vikilia kama kengele. Nikakwambia hata watu walivyokuwa wakicheka, na kwamba nilishangaa watu wa Scarborough walivyo na roho ngumu, kumcheka mtumishi wa Mungu aliyeanguka. Ukaniuliza, "Una hakika, Beryl?" Nikasema nimemwona kwa macho yangu.

Hukuniuliza tena. Baada ya yale mumeo Norman aliyokutendea, na yule mwanamke wake wa Hull, nilijua kwamba mwanamume wa pili mwenye siri hungemvumilia hata dakika moja. Uliandika mistari minne, ukatia pete ndani ya bahasha, na barua nikaipeleka posta mimi. Januari ukapanda ndege kwenda kwa binti yako Susan, upande wa pili wa dunia. Bwana Tranter naye hakukanyaga tena kanisani kwetu.

Basi sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita, Jumanne, kwenye chakula cha mchana cha wazee ukumbini. Tulikuwa tumemaliza pai ya nyama, mimi nakusanya sahani, na Bwana Ogden akafungua televisheni ili asikie matokeo ya mbio za farasi. Badala ya farasi kulikuwa na kichekesho cha zamani, vile wanavyovirudia mchana kwa ajili ya wagonjwa na wastaafu. Nilisikia chuma kinalia. Nikageuka. Akasimama pale padri mwembamba, polisi wamemshika mikono huku na huku, na vikombe vya fedha vinamdondoka chini ya kanzu, kimoja, kingine, kingine, naye kwa kila kikombe anagusa kola yake na kusema samahani sana. Na watu wakawa wanacheka, Dada. Wale watu wa Scarborough. Walikuwa ndani ya televisheni.

Bi Sugden alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Jamani, huyo si Lionel wetu?" Bwana Ogden akasema ndiye hasa, sura ile ile ya mbuzi aliyenyimwa chumvi, kisha akauliza sasa kule kwenye stoo ya mablanketi alikuwa na nani. Bi Sugden akamjibu aache hizo, yeye anataka kujua nani alimuuzia vile viatu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakajicheka wenyewe hadi chai ikamwagika. Ndipo Bi Sugden akanigeukia, bila ubaya wowote, akasema, "Beryl, na yule padri wako wa vikombe je?" Kwa maana nilimwambia na yeye. Hilo nalo hukulijua. Nilimwambia yeye, na mke wa Mchungaji, na mwenye duka la sufu anayempangisha.

Nilisema naenda kuosha sahani. Nilisimama mbele ya karai, maji yakapoa, ndipo nikaelewa. Mwaka ule wa sabini na moja tulikuwa Scarborough, mimi na baba, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Fewster. Nyumbani kwetu baba aliruhusu televisheni ndogo tu, ya nyeusi na nyeupe, kwa habari na ibada ya Jumapili. Lakini Bi Fewster alikuwa nayo ya rangi sebuleni, ya kwanza niliyowahi kuiona maishani. Nilipita mlangoni nikienda kumchukulia baba maji ya moto, nikasimama dakika mbili na jagi mkononi. Vikombe vya fedha, kanzu nyeusi, nyuso nyekundu. Miaka ikapita, sebule ikafutika, na kilichobaki kilikuwa na rangi. Nami katika akili yangu ya kijinga nilijua jambo moja: ya televisheni ni ya kijivu, na yenye rangi ni ya kweli.

Tangu Jumanne hiyo nimekuwa nikimtafuta. Sikujua alivyo mwingi. Ndani ya siku tisa nilimwona mara tano, na hakuna mara niliyokuwa nimemtarajia. Nimemwona mwenye bucha anayekata soseji moja katikati kwa ajili ya mjane. Nimemwona hakimu aliyelala. Nimemwona weita anayebeba supu chumba kizima bila kumwaga, kisha anaimwaga akipewa asante. Hakai zaidi ya dakika mbili. Wenye kichekesho chenyewe wanapiga kelele na kuanguka, yeye anaingia, anagusa tai, anasema neno lake, anatoka, na unabaki unamfikiria yeye. Mwishoni majina yanapanda haraka, nami nimejifunza kulikamata lake chini kabisa: Mchukua Jeneza wa Pili, L. Tranter.

Ningeweza kuishia hapa, Dada. Nimeiandika barua hii mara mbili ikiishia hapa, nikazichana zote mbili. Ingekuwa barua ya mtu aliyekosea, na wewe ungenisamehe, maana macho ya mtu yeyote hukosea. Ungesema ni ujinga wa Beryl na televisheni ya Bi Fewster, na labda ungecheka. Lakini sikukosea tu.

Siku ya pili baada ya barua yako ya mistari minne, ulikuwa umekwenda Halifax kwa daktari wa meno. Bwana Tranter alikuja. Sikumkaribisha ndani, nilimweka kizingitini, nikamwambia usoni kwamba namjua yeye ni nani, nikamtajia kanzu, na polisi, na vikombe. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango, na mimi nikaona ni ufedhuli wa mwizi. Kisha akanitazama vizuri, akaona kwamba sitanii, kicheko kikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye sinki. Akauliza kama nawe unaamini hivyo. Nikasema unaamini. Hakujitetea. Akagusa fundo la tai yake, akasema, "Bi Beryl, naomba umwambie Avis atazame televisheni Alhamisi, saa moja na nusu jioni. Akishatazama, akinitaka, mimi nipo. Asiponitaka, sitamsumbua." Nikamwambia nitakwambia.

Sikukwambia.

Alhamisi ile nilikutuma upeleke supu kwa Bi Sugden aliyekuwa na mafua, nikakuomba ukae naye kwa sababu yuko peke yake. Nilisema kichwa kinaniuma. Ulipofunga mlango wa mbele nikafungua televisheni. Alikuwa fundi bomba. Alitokea chini ya sinki la tajiri mmoja, suruali imelowa hadi kiunoni, akawa anaeleza kwa heshima zote kwamba nyumba yote itabidi ivunjwe. Nilijua, Avis. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilijua zile mara saba za upadri ni nini na zile tatu za uhakimu ni nini. Nikazima, nikafunika televisheni kwa kile kitambaa cha mama. Wewe ukarudi, ukaniuliza kichwa kinaendeleaje, ukanichemshia chai, ukanivua viatu.

Nilijiambia kwamba kuwa mwigizaji hakumzuii mtu kuiba vikombe. Nikalishikilia hilo miaka minne na nusu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilitandika meza ya ushirika kwa mikono hii, nikang'arisha vikombe vya kanisa hadi nikajiona ndani yake, na amri ya tisa, usimshuhudie jirani yako uongo, imeandikwa ukutani juu ya kichwa changu kwa herufi za dhahabu. Ndiyo maana Jumanne ile, vikombe vilipoanza kudondoka mbele ya ukumbi mzima, wengine waliona kichekesho, mimi nilinyang'anywa kisingizio changu cha mwisho.

Utauliza kwa nini. Nimeomba sana ili nijibu hili bila kujipamba. Hakuna mtu aliyewahi kuniposa. Hilo unalijua na hujawahi kulitaja, wala mimi. Baba alipokwenda, mama alipokwenda, Norman alipokwenda, ulirudi ukakaa chumba chako cha zamani, na mimi nikadhani sasa Mungu amenigawia fungu langu: wewe, na meza hii, na taa mbili za kusomea. Nilipokiona kile kisahani chenye pete niliona kiti kitupu. Basi nikakupoteza kwa njia nyingine, tena mbali zaidi. Angekuoa, ungekuwa mtaa wa pili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi niliwatumbukiza wawili kwanza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Bado yuko juu ya duka la sufu, nywele zote nyeupe. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kofia kichwani. Alinisikiliza bila kugusa tai. Nilidhani atakasirika kwa habari ya vikombe, lakini hilo aliliweka pembeni kwa mkono kama mtu anayeondoa makombo. Alichouliza ni Alhamisi. Aliniuliza mara mbili, polepole, kama kweli hukutazama. Nikasema hukutazama, hukuambiwa. Akakaa chini.

Akasema kwamba miaka yote hii alikuwa na hakika ulitazama. Alidhani ulimwona na suruali yake iliyolowa, ukaona hiyo ndiyo kazi ya mtu unayetaka kuolewa naye, ukaona aibu. Na kwamba hakukulaumu. Tangu hapo amekataa kazi zote walizompigia simu, hata ile ya kuwa askofu. Alikuwa anaipenda kazi yake, Dada. Aliona ni jambo dogo lililofanywa vizuri. Mimi nilimfanya aione kwa macho ambayo hayakuwa yako.

Nilimsihi akuandikie. Amekataa. Amesema hatakuandikia mpaka ujue, kwa mwandiko wangu, kwamba hukuwahi kuulizwa. Baada ya hapo neno ni lako. Akaniuliza tu kama nyonga yako inakusumbua bado wakati wa baridi. Kisha akanifungulia mlango. Birika lilikuwa jikoni linachemka, nami nilikuwa nimetoka kwenye theluji, na hakunikaribisha chai. Huna haja ya kuelezwa maana yake huku kwetu. Nilishuka ngazi nikaona amenitendea haki.

Nimemwambia Mchungaji Barraclough kila kitu, na nimemwomba mtu mwingine atandike meza ya ushirika. Alisema si lazima. Nilisema kwangu ni lazima. Bi Sugden na mwenye duka la sufu nimewaendea mlango kwa mlango, na mke wa Mchungaji nitamwona kesho akirudi kutoka Bradford. Bi Sugden alisema, "Beryl, wewe ni mpumbavu," kisha akalia kidogo, kisha akanipa keki ya tangawizi.

Chini ya karatasi hii nimeandika anwani ya Bwana Tranter kwa herufi kubwa. Sikuombi unisamehe kwa haraka. Najua unavyonyamaza ukiumia, na safari hii kunyamaza ni haki yako. Lakini usimwadhibu yeye kwa ajili yangu. Ana miaka sitini na sita. Ukiandika kwake kabla ya kwangu, nitafurahi. Ukiandika kwake tu, nitaelewa.

Wasalimie Susan na mumewe. Wabusu wajukuu, na usiwaambie haya mpaka utakapoona inafaa. Mashuka ya chumba chako nayapiga pasi kila mwezi, si kwa kukudai urudi, ni mazoea tu ya mikono. Mungu akulinde huko uliko, na akupe majira mazuri ya matunda wakati sisi tunasubiri yetu.

Tafadhali nijibu upesi, Avis, hata kama ni mstari mmoja.

Mdogo wako,
Beryl Ackroyd

Bwana L. Tranter, Crown Street 4 (juu ya duka la sufu), Aldersyke, Yorkshire.